Kuni Zinazopotelea Kwenye Vali

Viwanda vingi vya chai nchini Kenya, kuanzia Kericho hadi Murang'a, hutegemea kuni. Boila huchoma magogo ya mikaratusi, na mvuke wake husafiri kwa mabomba hadi kwenye mitambo inayopasha hewa ya kunyausha na kukausha majani. Gharama ikipanda, macho huelekea kwenye boila: inunuliwe mpya, kuni zikaushwe zaidi. Hayo ni ya maana. Lakini baina ya boila na kikausho kuna safari, na humo ndimo joto lililokwisha kulipiwa linamotorokea.

Tuchukue bomba la inchi 4 lenye mvuke wa nyuzi 170. Likiwa wazi, kila mita hupoteza wati 800 hadi 1,000. Mita 10 basi hupoteza kama kilowati 9, usiku na mchana, maadamu mvuke umo ndani, hata kama hakuna jani linalosindikwa. Kwa kuni zilizokauka vizuri, na boila inayofikisha kwenye mvuke asilimia 65 ya joto la moto wake, hizo ni takriban kilo 80 za kuni kila siku. Livishe bomba lilelile pamba ya mawe ya milimita 50, upotevu utashuka chini ya wati 100 kwa mita. Sehemu kubwa ya faida hiyo huletwa na milimita 25 za kwanza, kwa hiyo hakuna maana kunenepesha kihami upande mmoja huku upande mwingine umeachwa uchi.

Na sehemu zilizo uchi zinajulikana. Mabomba marefu yaliyonyooka huvishwa kiwanda kinapojengwa. Vali na flenji ndizo huachwa. Fundi huitwa kubadilisha gasketi, hupasua kihami, hukaza boliti na kukimbilia kazi nyingine, kwa kuwa uzalishaji unamsubiri. Simlaumu: aliagizwa kuziba uvujaji, na ameuziba. Ila vali moja kama hiyo hupoteza joto la karibu mita nzima ya bomba lililo wazi, na chumba cha boila kina vali nyingi. Dawa ni koti la kuvuliwa na kuvishwa tena, la kitambaa cha nyuzi za glasi chenye pamba ndani na mikanda ya kufungia. Kazi isihesabiwe kuwa imekwisha mpaka koti limerudi mahali pake.

Kuna na maji. Kihami huzuia joto kwa hewa tulivu iliyonaswa ndani yake. Kikilowa, maji hukalia nafasi ya hewa, nayo hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa, huku chuma kikiliwa na kutu kisikoonekana. Ndiyo maana bati la alumini la nje lisiachwe na mwanya. Vihami vikuukuu navyo visibomolewe ovyo, maana huenda vina asbestosi.

Kanuni za usimamizi wa nishati za mwaka 2012 zilivitaka viwanda vikubwa vya Kenya vikaguliwe kila miaka 3. Miaka 3 ni mingi kwa vali iliyofunguliwa jana. Msimamizi mwenye kipimajoto cha miale anaweza kuzunguka kila mwezi, mradi akumbuke kwamba bati linalong'aa hukidanganya kisome chini sana: abandike kwanza kipande cha utepe mweusi, kipate joto la bati, ndipo apime.