Word Huhesabu kwa Mstari

Msimu wa mitihani ya majaribio ukifika, walimu wa shule za jirani huja steshenari kwangu na flashi zao, na karibu kila flashi ina swali la kuoanisha: Orodha A kushoto, Orodha B kulia. Mwalimu kachora jedwali, kalichagua lote, kabofya kitufe cha namba. Sasa (i) iko kushoto, (ii) kulia, (iii) imerudi kushoto.

"Dada, kompyuta yangu imeingia virusi," aliniambia mmoja.

"Haina kirusi, mwalimu. Inahesabu inavyosoma."

Word husoma jedwali seli kwa seli: ya kwanza, ya pembeni yake, mpaka mstari uishe, ndipo ishuke. Ukitaka kuhakikisha, chukua nakala ya faili la .docx, mwisho wa jina lake uandike .zip, kisha ulifungue. Humo mna document.xml, na ndani yake jedwali limeandikwa hivi: mistari, na ndani ya kila mstari seli zake. Kolamu haina fungu lake. Kilichoandikwa ni upana wake tu. Namba zenyewe pia hazimo. Kila aya imewekewa alama kwamba ni ya orodha fulani, na Word huhesabu upya kila inapozionyesha.

Kwa hiyo usihangaike kuilazimisha ihesabu kwenda chini. Ipe orodha mbili. Futa namba zilizopo, peleka mshale wa mausi juu kabisa ya kolamu ya kushoto mpaka ugeuke mweusi na kutazama chini, bofya, kisha weka (i), (ii), (iii). Rudia kwa kolamu ya kulia peke yake, uipe A, B, C. Kila orodha itashuka na kolamu yake.

Kazi ipo pale pande zote mbili zinapotaka namba za mfululizo mmoja. Kamati ya harusi inataka wachangiaji 40 kwenye karatasi moja: 1 hadi 20 kushoto, 21 hadi 40 kulia. Mimi huchora jedwali la mstari mmoja tu, seli mbili kubwa. Majina 20 yanaingia seli ya kwanza, kila moja aya yake, na 20 seli ya pili. Word inamaliza seli ya kwanza kabla ya kuhamia ya pili, basi namba zinashuka zenyewe. Ubaya wake, jina refu likikunjika mistari miwili, upande wa pili hausogei, na mistari inapishana.

Anayetaka mistari iliyonyooka atumie SEQ, msimbo wa Word wa kuhesabu kwa mfuatano. Bofya ndani ya seli, bonyeza Ctrl na F9 upate mabano yenye kivuli, na ndani yake uandike SEQ kushoto. Nakili kwenye seli zote za kolamu hiyo. Upande wa pili, seli ya kwanza iandikwe SEQ kulia \r 21, zinazofuata SEQ kulia. Maneno "kushoto" na "kulia" ni majina ya kujichagulia; kila jina lina hesabu yake. Mabano lazima yatoke kwa Ctrl na F9, ukiyachapa kwa mkono hayafanyi kitu. Mwisho chagua waraka wote, bonyeza F9. Ukiongeza seli baadaye, nakili SEQ humo na ubonyeze F9 tena, kwani hesabu hii haijirekebishi yenyewe.

Kwenye orodha ya kawaida, yenye jina moja kila mstari, namba za kujiendesha zina faida nyingine: ukipanga majina kwa alfabeti, majina huhama na namba hubaki 1, 2, 3. Namba iliyochapwa kwa mkono huhama na mwenyewe. Makatibu wengi wanachukia hilo, ila kolamu ikiwa ya namba za risiti, nachapa kwa mkono, kwa sababu risiti ya mtu haibadiliki eti jina lake linaanza na Z.