Safari ya Siku Moja ya Kurusha Glaida: Zijue Haki Zako Kabla ya Kulipa

Glaida ya redio ni ndege ndogo isiyo na injini, inayoongozwa kwa rimoti na mtu aliyesimama ardhini. Nchini Uingereza, vilabu vya mchezo huu huwapeleka wanachama na wageni kwenye miteremko ya pwani, kama ile ya Great Orme karibu na mji wa Llandudno huko Wales, kuzirusha kutwa nzima. Gharama zake ni nauli, ada ya siku na ndege yenyewe. Katika makala haya tunaeleza mambo ambayo mlaji anapaswa kuyafahamu kabla ya kutoa fedha yake.

Upepo ndio injini

Upepo wa baharini unapoupiga mteremko hulazimika kupanda juu. Hewa hiyo inayopanda ndiyo inayoibeba glaida. Upepo ukigeuka na kuvuma kutoka bara, hewa iliyo mbele ya mteremko hushuka na kuvurugika, na ndege haiwezi kukaa angani. Basi siku ya safari yaweza kuwa ya jua zuri, lakini isifae kabisa kwa kurusha. Ndiyo maana swali la kwanza la mlaji liwe hili: upepo usipofaa, hasara ni ya nani?

Ni nani anayepokea fedha yako?

Kampuni inayouza safari kama biashara inabanwa na Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015: ni lazima itoe huduma kwa uangalifu na ustadi unaostahili, na masharti yake yawe ya haki. Sharti linaloiruhusu kampuni kuahirisha safari na kubaki na fedha yako yote laweza kuhesabiwa kuwa si la haki. Klabu ya hiari isiyofanya biashara ni jambo jingine. Huko utaongozwa zaidi na katiba ya klabu na makubaliano yenu. Kwa hiyo yapate kwa maandishi.

Wengi hudhani kwamba kila kilicholipiwa kwa intaneti kina siku 14 za kughairi. Sivyo. Kanuni za mwaka 2013 zinaondoa haki hiyo kwa huduma za burudani zilizopangiwa tarehe maalumu. Ukibadili nia baada ya kulipia safari ya Jumamosi fulani, utategemea masharti uliyoyakubali.

Kununua glaida

Kwa glaida iliyonunuliwa dukani kwa njia ya intaneti, siku 14 hizo zipo, zikihesabiwa tangu siku ya kuipokea. Ifungue na kuikagua kama ambavyo ungefanya dukani, lakini usigundishe mbawa wala kuirusha ikiwa bado unasitasita, kwa sababu muuzaji ana haki ya kukata fedha kwa thamani iliyopungua. Ikiwa na kasoro, unaweza kuirudisha ndani ya siku 30 na kulipwa fedha yako yote. Ndege iliyovunjika kwa kurushwa vibaya haihesabiwi kuwa na kasoro.

Ukinunua iliyotumika kutoka kwa mwanachama mwenzako, ulinzi hupungua: sharti kubwa ni kwamba ndege ilingane na maelezo aliyoyatoa. Mwombe aandike maelezo hayo, nawe uikague ndege kabla ya kulipa.

Usajili, ruhusa na bima

Mwenye glaida ya gramu 250 au zaidi lazima asajiliwe, na mrushaji wa glaida ya gramu 100 au zaidi lazima afaulu mtihani mfupi wa usalama. Vyama vya kitaifa vya mchezo huu huwasaidia wanachama wao katika hayo. Kanuni ya jumla ni kutozidi kimo cha mita 120. Ardhi nayo ina mwenyewe: sehemu kubwa za pwani ni mali ya taasisi ya National Trust, na haifai kurusha humo bila ruhusa.

Bima isipuuzwe. Glaida inayoanguka penye watembeaji yaweza kumjeruhi mtu, na deni la fidia likamwangukia aliyeshika rimoti. Usidhani kwamba bima ya klabu inamfunika mgeni wa siku moja.

Kabla ya kulipa, uliza:

• Upepo usipofaa, nitarudishiwa fedha au nitapewa tarehe nyingine?
• Ni nani anayeamua kuahirisha, na saa ngapi?
• Je, mmepata ruhusa ya mwenye ardhi?
• Je, bima yenu inanihusu nikiwa mgeni?
• Nikivunja ndege ya klabu, nitalipa kiasi gani?

Tunza stakabadhi na ujumbe wote. Pakitokea mgogoro, mwandikie kwanza uliyemlipa, ukitaja tarehe, kiasi na unachodai. Usiporidhika, shirika la Citizens Advice hutoa ushauri bila malipo.