Ubunifu ukikauka, chunguza afya yako kwanza

Na Daktari Wetu, Machakos

HUENDA wewe ni msusi wa viondo kule Masii au Kathiani, ama mchongaji wa vinyago mwenye kibanda nyuma ya nyumba yako pale Wamunyu. Huenda unashona nguo, unatunga mashairi au unapamba keki za harusi. Umeifanya kazi hiyo miaka na mikaka na majirani wanakujua kwayo. Lakini sasa unaingia mwezi wa nne tangu ulipobuni kitu kipya. Kila ukiketi, mikono inarudia twiga yule yule na kiondo kile kile cha mistari miwili. Wateja wanapita, wanatazama, wanakwenda zao. Nayo karo ya watoto haingoji.

Watu wenye shida hii aghalabu hawaendi kwa daktari. Wapo wanaosema ni uvivu, wapo wanaosema wamerogwa, na wengi hukata shauri kwamba kipaji chao kimekwisha. Mimi naja na ushauri mwingine, ndugu msomaji. Kabla hujakilaumu kipaji chako, uchunguze mwili unaokibeba. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu, na mara nyingi pabovu penyewe panaweza kutengenezwa.

Tukumbuke kwanza kwamba ubunifu si mgeni katika sehemu hizi. Uchongaji wa vinyago vya kuuza, ambao umelifanya jina la Wakamba kujulikana ulimwenguni, unahusishwa na mtu mmoja wa Wamunyu, Mutisya Munge. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alipelekwa Tanganyika, na huko akaona jinsi wachongaji wa nchi hiyo walivyofanya kazi. Aliporudi nyumbani alianza kuchonga, akawafundisha watu wake, na ufundi ukaenea kutoka boma hadi boma. Munge alikuwa na mikono tayari. Alichokipata safarini ni macho mapya. Jambo hilo tutalirudia.

MACHO YA MIAKA AROBAINI

Je, gazeti hili umelisukuma mbali na uso ndipo usome vizuri? Ikiwa umri wako umepita miaka 40, yamkini hapo ndipo penye chanzo cha shida yako.

Ndani ya jicho mna lenzi inayojikunja na kujinyoosha ili tuone vitu vya karibu na vya mbali. Kadiri tunavyozeeka, lenzi hiyo hukakamaa. Kuanzia miaka 40 hivi, vitu vya karibu huanza kuwa na ukungu. Si ugonjwa wa kutisha. Humpata karibu kila mtu anayefikia umri huo, awe msomi au mkulima.

Lakini hebu fikiria linalomtukia msusi. Uzi mwembamba wa mkonge haonekani kuuona vyema, basi anachukua ule mnene. Hesabu ya nyuzi inampotea katikati ya pambo gumu, basi anarudia pambo rahisi analoweza kulisuka hata gizani. Jioni kichwa kinamgonga. Mambo haya huja polepole mno hata mwenyewe hudhani ni akili iliyochoka, kumbe ni macho. Mchongaji naye huacha kuchonga nyusi, kucha na manyoya, akabaki na maumbo makubwa makubwa.

Dawa yake ni miwani ya kusomea. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 ulifanywa miongoni mwa wachumaji chai wa Assam, India, wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Wale waliopewa miwani walizidisha mavuno yao kwa zaidi ya asilimia 20 kuliko wenzao ambao hawakupewa. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo kwa kuchuma majani, sembuse kusuka pambo la nyuzi mia kadhaa?

Hata hivyo, usikimbilie miwani ya kando ya barabara kabla hujapimwa. Kisukari na glakoma pia huharibu macho, na magonjwa hayo hayangoji. Anza na kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ikihitajika, watakuelekeza hadi Hospitali ya Machakos Level 5.

DAMU, TEZI NA DAWA

Fauka ya macho, yapo maradhi yanayomnyang'anya mtu nguvu za kufikiri bila ya kumlaza kitandani. La kwanza ni upungufu wa damu. Mama anayetokwa na damu nyingi ya hedhi, au aliyejifungua watoto waliofuatana, anaweza kuishi miaka akiwa na damu kidogo. Anapika, analima, anachota maji, lakini akiketi kusuka hana wazo hata moja. Kipimo cha damu ni jambo la dakika chache.

La pili ni tezi ya shingo inapofanya kazi kwa ulegevu. Mtu huhisi baridi wenzake wakihisi joto, hunenepa bila ya kula zaidi, hufunga choo, na fikira zake huenda mwendo wa kobe. Hili nalo hupimwa kwa damu na lina dawa.

La tatu ni dawa zenyewe. Baadhi ya dawa za presha, za mzio na za kifafa huleta usingizi au unyong'onyevu. Ukiona kwamba uchovu ulianza baada ya kupewa dawa fulani, mweleze daktari wako. Lakini nakusihi, usiiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe. Presha isiyotibiwa huleta kiharusi, na kiharusi kinaweza kuupooza mkono wenyewe unaochonga.

La nne ni maumivu. Mchongaji anayeshika tezo kutwa nzima, au mama anayesokota kamba pajani na kusuka kwa saa nyingi, huweza kubanwa neva inayopita kwenye kifundo cha mkono. Vidole vya gumba, cha shahada na cha kati hufa ganzi, hasa usiku. Mtu mwenye mkono kama huo hukwepa kazi ngumu pasi na kujua kuwa anaikwepa. Pumzisha mkono kila nusu saa, na ganzi ikidumu uende ukaonwe.

USINGIZI NA CHUPA

Wengi wetu tunadhani usiku ni wakati wa kufidia kazi. Oda imechelewa, basi taa inawaka hadi saa nane za usiku. Usiku mmoja hauna neno. Ikiwa desturi, unajiibia mwenyewe. Mtu mzima anahitaji kulala angalau saa saba.

Mwaka wa 2004 wataalamu wa Ujerumani walichapisha jaribio lao. Waliwapa watu fumbo la tarakimu lenye njia ya mkato iliyofichika. Waliolala saa nane baada ya kulijaribu waliigundua njia hiyo mara mbili na zaidi kuliko wale waliokesha au waliongoja mchana kwa muda ule ule. Ubongo uliolala haukuwa bure. Ulikuwa ukipanga upya yale uliyoyaona.

Kuhusu pombe, wasanii wengi huamini kwamba glasi mbili hufungua mawazo. Daktari na mwanasayansi mkubwa wa Ujerumani, Hermann von Helmholtz, alikuwa na maoni mengine. Akihutubia wageni waliokuja kumpongeza mwaka wa 1891 alipotimiza miaka 70, alieleza kwamba mawazo yake mazuri hayakumjia akiwa amechoka wala akiwa mezani. Yalimjia akipanda taratibu vilima vyenye miti siku ya jua. Akaongeza kwamba hata pombe kidogo ilionekana kuyafukuza. Sisi tunaoishi chini ya vilima vya Iveti tungefaa kumsikiza.

IKIWA NI ZAIDI YA UCHOVU

Sasa nifikie jambo zito zaidi. Kuna kuchoshwa na kazi, na kuna ugonjwa wa sonona, yaani ile huzuni sugu inayomwandama mtu mchana na usiku. Mambo haya mawili hufanana, lakini tiba zake si moja.

Jiulize maswali mawili. Je, katika majuma mawili yaliyopita, siku nyingi umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Je, umekosa hamu au raha hata katika yale uliyoyapenda zamani? Aliyechoshwa na vinyago bado hufurahia mbuzi choma siku ya harusi, hucheka na watoto, huimba kanisani. Mwenye sonona hata hayo hayamfurahishi. Hulala vibaya au hulala kupita kiasi, chakula hakina ladha, na hujiona mzigo kwa jamaa zake.

Ukijibu 'ndiyo' kwa swali mojawapo, usiendelee kujihimiza kwamba ujikaze. Nenda hospitali. Sonona hutibiwa, kwa mazungumzo na mshauri, kwa dawa, au kwa yote mawili, na wengi hupona. Mtu akianza kusema kwamba afadhali asingalikuwepo, asiachwe peke yake hata kidogo. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Ondoa karibu naye dawa za kunyunyizia mimea, kamba na visu.

KUJINASUA NYUMBANI

Tuseme umepimwa, macho yako sawa, damu inatosha na huna sonona. Basi kilichobaki ni mazoea, na mazoea yana njia za kuyavunja.

Mwaka wa 1926 mwanazuoni Mwingereza Graham Wallas, akiyatumia maelezo ya Helmholtz, alieleza kwamba wazo jipya hupitia hatua nne. Kwanza mtu hukusanya na kuhangaika. Pili huliacha jambo lilale. Tatu wazo humjia ghafla. Nne hulipima na kulisahihisha. Mafundi wengi waliokwama wamesahau hatua mbili za kwanza. Hawakusanyi lolote jipya, wala hawapumziki. Wanataka mvua bila ya mawingu.

Basi kwanza kusanya. Mutisya Munge alisafiri mbali, lakini wewe waweza kwenda marikiti ya Machakos na daftari dogo. Tazama mapambo ya leso, maganda ya maharagwe, mikunjo ya uso wa muuza ndizi. Chora au andika vitu vitano. Usinunue chochote ukitaka, bora umetazama.

Pili tembea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha mwaka wa 2014 kwamba watu wakitembea walitoa mawazo mapya kwa wastani wa asilimia 60 zaidi kuliko walipokuwa wameketi. Nusu saa ya asubuhi inatosha, na presha yako pia itakushukuru.

Tatu badilisha kitu kimoja tu. Mpingo na muhugu zilipoadimika kwa kukatwa ovyo, wahifadhi wa misitu miaka ya 1990 walianza kuwahimiza wachongaji wa Kenya watumie mwarobaini, mwembe na jakaranda. Mti mpya una rangi nyingine na ugumu mwingine, na mkono uliozoea mpingo hulazimika kufikiri tena. Msusi naye aweza kujinyima rangi moja aliyoizoea kwa mwezi mmoja. Kizuizi kidogo mara nyingi huleta njia mpya. Mchongaji avae barakoa, maana vumbi la mbao hukera pua na kifua, na anayekohoa usiku hawezi kulala.

Nne tenga saa za oda na saa za kujaribu. Oda ndizo zinazolipa karo, usizidharau. Lakini saa mbili kila juma ziwe za kutengeneza kitu ambacho hakitauzwa. Kikiharibika kitupe jikoni kikawe kuni. Hakuna atakayekucheka, na kinyago ulichokichonga mwenyewe hakifai kukutisha.

Tano usijifungie. Hapa kwetu tuna mwethya, na ni kwa mikono ya mwethya wa aina hiyo makinga maji mengi ya Machakos yalichimbwa na mashamba yaliyokuwa yakimomonyoka yakaokolewa. Kina mama wakisuka pamoja chini ya mti, kila mmoja huona mkono wa mwenzake, huuliza na husahihishwa. Fundi anayefanya kazi peke yake nyumbani hana wa kumwambia kwamba twiga wake ana shingo ile ile tangu mwaka jana. Kutaneni hata mara moja kwa wiki mbili. Atakayefaidika zaidi huenda akawa yule mwenzenu mwenye sonona, ambaye hakuna aliyemwona akififia.

Nawe jamaa wa fundi, usiseme 'siku hizi umekuwa mvivu'. Muulize kama analala, kama anaona vizuri, kama mkono unamuuma. Mpunguzie kazi za nyumbani kwa saa zile mbili za majaribio. Mama anayesuka huku akikoroga uji na kumbeleka mtoto hawezi kubuni pambo jipya, hata awe na kipaji cha namna gani.

Jipe majuma sita ya kufuata mambo haya. Yasipoleta nafuu, rudi kwa daktari na umweleze wazi kwamba kazi ya mikono yako imesimama. Hiyo ni dalili kama homa au kikohozi, na daktari mwema hataipuuza. Ikiwa una miaka 40 na hujawahi kupimwa macho, usingoje hizo wiki sita. Nenda wiki hii, ukibeba kiondo chako au kinyago chako, umwonyeshe mpimaji ni mahali gani hasa unaposhindwa kuona.