Mubunge-munganga wa Oregon: feza zikikosa kutosha, nani anakatwa?

Mwezi wa 12 mwaka wa 1987, mutoto mwanaume wa miaka 7 alikufa na kansere ya damu katika jimbo la Oregon, upande wa mangaribi ya Marekani. Wanganga walikuwa wamesema anahitaji kubadilishiwa mafuta ya ndani ya mifupa, kazi ya dola karibu 100 000. Familia haikukuwa na ile feza. Na miezi kidogo mbele ya pale, bunge la jimbo lilikuwa limekata matunzo ya namna hiyo kwenye mupango wa serikali wenye unatunza masikini. Watu walianza kuchanga. Mutoto alikufa mbele hesabu itimie.

Wakaaji wa Bukavu, Butembo ao Uvira hawahitaji kuelezewa namna gani watu wanachanga juu ya mugonjwa. Chenye kinaweza kuwashangaza ni mambo yenye yalifuata. Habari ile ilizunguka nchi nzima, na wabunge wamoja wakaomba feza zirudishwe haraka. Mutu mwenye alisimama na kukataa alikuwa musimamizi wa Seneti ya jimbo, John Kitzhaber. Naye mwenyewe alikuwa munganga.

Kutoka hospitali mpaka bungeni

Kitzhaber alizaliwa mwaka wa 1947. Alimaliza masomo ya uganga mu Oregon mwaka wa 1973, kisha akatumika miaka mingi kwenye huduma ya haraka, ile tunaita urgence, mu muji mudogo wa Roseburg. Mu 1978 alichaguliwa kuwa mubunge wa jimbo. Mu 1980 akachaguliwa kuingia Seneti ya jimbo, na kutoka 1985 mpaka 1993 alikuwa musimamizi wake.

Marekani iko na majimbo 50. Kila jimbo liko na bunge lake lenye kutunga sheria na kupitisha bajeti, sawa vile mabunge ya majimbo kwetu, lakini na uwezo mukubwa zaidi. Mupango wa kutunza masikini unaitwa Medicaid: Washington inatoa sehemu ya feza, na jimbo linatoa sehemu. Jimbo likikosa feza, linatafuta mahali pa kukata.

Na mutu mwenye anatumika kwenye urgence anaona mwisho wa ile kukata. Mutu akitolewa kwenye mupango, ugonjwa hautoki naye. Anakaa nyumbani, anakosa dawa ya tansio, kisha siku moja wanamuleta amepooza upande mumoja. Matunzo ya siku hiyo yanapita bei ya dawa ya mwaka muzima.

Kukata watu ao kukata matunzo?

Mu 1987 wabunge wa Oregon walikuwa na feza kidogo na mahitaji mingi. Kupandikiza viungo kungesaidia watu karibu 30 kwa miaka miwili. Feza zilezile zingeweza kufuatilia wamama wengi wenye mimba na kutunza watoto. Walichagua wamama na watoto.

Kisha mutoto akakufa, na watu wakaona sura yake. Kitzhaber aliuliza swali lenye halikufurahisha mutu: kama tunapata feza ingine leo, juu ya nini ziende kwa mwenye sura yake inajulikana, na haziende kwa wengi wenye wanakufa bila mutu kujua? Alionyesha kwamba serikali ilikuwa inakata kila siku, lakini kwa siri. Kukiwa shida ya feza, ilikuwa inabadilisha masharti tu, na familia mingi zinajikuta inje. Mutu muzima mwenye hana mutoto, hata akuwe masikini namna gani, kwa kawaida hakukuwa na haki ya kuingia.

Mawazo yake yalikuwa haya: masikini wote waingie, na kama lazima tukate, tukate matunzo yenye hayasaidie sana. Tena tuifanye mbele ya watu wote.

Sheria ya 1989 na ile liste

Mwaka wa 1989, bunge la Oregon lilipitisha sheria yenye ilianzisha Oregon Health Plan. Kila mutu mwenye mapato yake iko chini ya musitari wa umasikini angeingia. Tume ya watu 11, wanganga 5 na wengine wenye si wanganga, ilipewa kazi ya kupanga magonjwa na matunzo yake kwa mustari, kutoka yenye kuwa na faida zaidi mpaka yenye faida kidogo.

Wabunge hawakukuwa na haki ya kugeuza ile liste. Kazi yao ilikuwa moja tu: kuangalia feza na kupiga mustari. Yenye kuwa juu ya mustari inalipwa, yenye kuwa chini hailipwe. Hivi mubunge hangeweza kupandisha ugonjwa wa rafiki yake.

Mu 1990, mikutano 47 ilifanywa mu jimbo ili wakaaji waseme mambo yenye wanaona kuwa ya maana. Lakini wengi wenye walikuja walikuwa watu wa kazi ya afya. Masikini wenyewe walikuwa wachache. Liste ya kwanza, yenye kompyuta ilipanga, ilichekesha na kukasirisha: matunzo fulani ya meno yalikuwa juu ya kupasua apandisite, ugonjwa wenye unaua. Tume ikarudilia kazi, na mu 1991 ikatoa liste ya mistari 709. Bunge likakubali kulipa 587.

Wapinzani walikuwa na neno lao: juu ya nini masikini peke yao ndio wapangiwe, na matajiri waendelee kununua kila kitu? Mu 1992 serikali ya George Bush ilikataa mupango, ikisema ungeweza kuonea watu wenye vilema. Oregon ikarekebisha, na mu 1993 serikali ya Bill Clinton ikakubali. Kazi ilianza tarehe 1 februari 1994, na mistari 565 juu ya 696.

Faida, kisha pigo

Miaka ya kwanza ilikuwa mizuri. Wakaaji wenye hawakukuwa na bima ya afya walikuwa karibu asilimia 18. Mu 1996 walishuka kufikia karibu asilimia 11. Kitzhaber mwenyewe alikuwa liwali wa jimbo kutoka 1995 mpaka 2003.

Lakini sehemu moja ya sheria za 1989, ile ya kulazimisha wenye makampuni walipie wafanyakazi wao bima, haikutumika hata siku moja. Na uchumi ulipoanguka, mu 2003 jimbo liliomba sehemu ya masikini watoe muchango wa kila mwezi. Dola kidogo tu, lakini ndani ya mwaka mumoja karibu nusu yao walitoka. Mu 2008, jimbo lilipopata nafasi 10 000, watu karibu 90 000 walijiandikisha, na likapiga kura ya bahati. Kule kukata watu, kwenye sheria ilitaka kumaliza, kulikuwa kumerudi.

Kitzhaber alirudi kuwa liwali mu 2011, akajiuzulu mu februari 2015 kisha mashitaka kwamba muchumba wake alichanganya biashara na kazi ya serikali. Hakufunguliwa kesi ya kifungo, lakini tume ya maadili ya jimbo ilimulipisha faini.

Na kwetu?

Kongo pia iko na sheria: ile nambari 18/035 ya tarehe 13 desemba 2018 inazungumuzia matunzo kwa wote. Kuzaa bila kulipa kulianza Kinshasa mu 2023. Lakini wakaaji wa mashariki wanajua bado mama mwenye anabakia hospitalini na mutoto muchanga juu ya facture.

Kama mubunge anakuja kuomba kura na kuahidi matunzo ya bure, kuko maswali matatu ya kumuuliza. Nani anaingia? Ni matunzo gani yanalipwa, na gani hayalipwe? Feza za mwaka wa kwanza zinatoka wapi, na za mwaka wa kumi? Oregon ilijibu mawili ya kwanza mbele ya watu wote. Ni la tatu ndilo liliiangusha.