Pakiti moja, lita moja: hesabu ya maji ndani ya mgonjwa wa kolera

Hapa Kalemie kolera si mgeni. Ziwa Tanganyika liko mlangoni, na wengi huchota humo humo maji ya kunywa. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Jamaa humnywesha maji matupu kwa moyo wote, naye anazidi kulegea.

Ili kuona kwa nini, tuanze na molekuli za maji zenyewe. Katika joto la mwili hazitulii, zinagongana na kurukaruka bila mpango. Zikitenganishwa na ukuta unaopitisha maji na kuzuia chumvi, kila moja huvuka kwa bahati tu, huku au kule. Lakini upande wenye chumvi nyingi molekuli za maji huvuka kwa shida zaidi, kwa hiyo hesabu ya jumla huelemea upande huo. Hiyo ndiyo osmosisi. Jacobus van 't Hoff aliiwekea kanuni miaka ya 1880, na mwaka 1901 akapewa Nobel ya kwanza ya kemia. Kanuni yake inashangaza kwa urahisi wake: shinikizo la osmosisi hufuata idadi ya chembe zilizoyeyuka, bila kujali ni chumvi au sukari.

Sumu ya kolera huacha wazi milango ya kloridi katika seli za utumbo. Kloridi inamwagika, sodiamu inaifuata kwa nguvu ya umeme, na maji yanafuata zote mbili. Maji matupu hayarudishi sodiamu hiyo, na damu iliyopungukiwa nayo haina cha kuyashikia maji.

Bahati njema, kuna mlango ambao sumu haiugusi. Ni protini inayoingiza glukosi moja pamoja na sodiamu mbili. Kimoja kikikosekana, haifanyi kazi. Robert Crane alieleza wazo hilo mjini Prague mwaka 1960. Sukari iliyomo kwenye SRO, yaani pakiti ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, basi, si ya kuleta ladha. Ndiyo inayoipitisha chumvi.

Kiasi nacho kina uzito wake. Damu ina chembe karibu milimoli 290 kwa lita. SRO ya zamani ilikuwa na 311, yaani nzito kuliko damu. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliishusha hadi 245. Tofauti ya 45 na damu inaonekana ndogo, lakini ukiitia kwenye kanuni ya van 't Hoff, kwa ukuta usiovujisha chumvi kabisa, unapata shinikizo kama la maji ya ziwa yenye kina cha mita kumi na mbili hivi. Utumbo huvujisha kiasi, hivyo haupati shinikizo lote, ila mwelekeo ni huo huo: maji yanaingia mwilini.

Sasa chukua pakiti ya lita moja, uikoroge kwenye chupa ya nusu lita ili dawa iwe kali. Inakuwa 490, na maji yanatoka kwenye damu kurudi utumboni. Kosa hili naliogopa kuliko yote, kwa sababu hufanywa kwa nia njema. Soda nayo ina sukari nyingi mno na sodiamu haba.

Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, vitamsogeza mgonjwa hadi kituo cha afya. Akiwa hawezi kunywa, au mapigo ya mkono hayasikiki, anahitaji dripu mara moja.