"Niuzie Mimi, Futa Mnada"

Gari lenyewe lilikuwa VW Passat iliyokwishatumika. Mwenye gari, huko Ujerumani, aliliweka kwenye mnada wa eBay kwa bei ya kuanzia euro 1, bila kuweka kiwango cha chini ambacho asingeuza chini yake. Muda mfupi baadaye mtu akatia dau. Zikapita saa chache, muuzaji akaufuta mnada, akamwandikia yule mtu kwamba amepata mnunuzi pembeni anayetoa euro 4,200. Akadhani yameisha.

Mtu wa euro 1 akaenda mahakamani. Gari hilo, alisema, lina thamani ya euro 5,250, na mnada ulipofutwa dau la juu lilikuwa langu. Basi nilipwe tofauti, euro 5,249. Kesi ilipanda hadi mahakama ya juu kabisa ya madai nchini humo, na Novemba 12, 2014 majaji wakaamua kwamba anastahili fidia. Walisema utamu wa mnada wa intaneti ni huo huo wa kupata kitu kwa bei ya kutupa. Aliyeamua kuanzia euro 1 bila kinga alijitia mwenyewe hatarini, na hatari ikamkuta kwa sababu alikatisha mnada pasipo sababu halali.

Ujumbe wa kutaka kununua pembeni namna hiyo hufika kwa wauzaji wengi, kwa lugha zote: "Mwisho bei gani? Nalipa leo, futa mnada." Una ushawishi wake. Mnada ni wa siku 7, leo ya 3, dau la juu halijafika hata robo ya unachotarajia, na huyu hapa ana fedha mkononi.

Lakini bei unayoiona siku ya 3 haikwambii mengi. Kwenye eBay, mtoa dau huuambia mfumo kiwango chake cha juu kwa siri, nao humpandishia kidogo kidogo, kiasi tu cha kumpita mshindani. Yule wa Passat alikuwa ameweka kikomo cha euro 555.55, ila kwa kuwa hakuna aliyemkabili, bei ilibaki euro 1. Na wengi hawajajitokeza bado. Wanauchumi Alvin Roth na Axel Ockenfels walionyesha jambo hilo mwaka 2002, walipolinganisha eBay, ambako saa ikigonga mnada umekwisha, na minada ya Amazon ya wakati ule, ambako dau la dakika za mwisho liliongeza muda. Kwenye eBay watu walijificha hadi mwisho zaidi sana kuliko kule. Muuzaji anayekata tamaa katikati ya wiki anahesabu wageni kabla karamu haijaanza.

Sasa mwangalie huyo wa pembeni. Kama bei yake ni nzuri kweli, kwa nini asiitie mnadani? Mara nyingi ni kwa sababu anaogopa kukutana na wenzake. Jeremy Bulow na Paul Klemperer walionyesha kwa hesabu mwaka 1996 kwamba, katika mazingira ya kawaida, mnada wenye mtoa dau mmoja zaidi humpa muuzaji fedha nyingi kuliko mapatano ya ustadi wowote bila mtu huyo. Ukimtoa mnadani ukauziana naye chemba, umempoteza mshindani uliyemhitaji. Hesabu hiyo ina masharti yake. Mtambo wa kiwandani ambao wanunuzi wake ni wawili tu, kila mmoja akitaka kuukagua kwa siku nzima, nisingeupeleka mnadani hata kidogo. Ningeuza kwa kupatana tangu mwanzo.

Kwa hiyo mjibu kwa adabu, ndani ya mfumo huo huo wa mnada: "Asante kwa kuuliza. Mnada unaendelea hadi Jumapili usiku, karibu utie dau." Akiuliza jambo la maana kuhusu bidhaa, jibu liweke kwenye tangazo wote walione. Kiwango chako cha chini usimtajie. Akikataa kuzungumza ndani ya mfumo na kudai namba ya simu, jihadhari. Kuuziana nje ni kinyume cha kanuni za eBay na kunakuvua kinga zake, na huko nje ndiko anakoishi tapeli anayetuma hundi iliyozidi bei, kisha anaomba umrudishie ziada kabla benki haijagundua kuwa hundi ni feki.

Ikiwa hakuna dau hata moja na bei ya mnunuzi wa pembeni imekupendeza, bado una nafasi: badilisha tangazo, weka bei ya kununua papo hapo, naye anunue mbele ya macho ya wote. Dau la kwanza likishaingia, hali ni nyingine. Mahakama hiyo hiyo ya Ujerumani mwaka 2011 ilimpa haki muuzaji aliyefuta mnada wa kamera huku dau likiwa limefika euro 70, kwa sababu kamera ilikuwa imeibwa. Wizi ni sababu. Mnunuzi mwenye kisu kikali si sababu. Mswahili anayeuza gari lake Hamburg asitegemee kanuni ya mnada wa nyundo aliyoizoea Kenya au Tanzania, iliyotoka kwenye sheria ya Kiingereza ya 1893, kwamba nyundo isipogonga hakuna mauzo.

Ujumbe wa yule mnunuzi wa pembeni, hata hivyo, usiufute. Mnada unaweza kuisha bei haijafika kiwango chako, au mshindi akaingia mitini. Hapo tangaza upya kwa bei isiyobadilika na umwarifu. Safari hii wewe ndiwe unayeuliza: ile bei yako bado ipo?