Mjusi wa Buluu wa Kimboza

Chini ya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, upo msitu wa Kimboza, wenye kilomita za mraba 4 hivi. Humo anaishi Lygodactylus williamsi, mjusi asiyezidi sentimita 9 ukimpima na mkia wake. Dume ni buluu iliyokolea; jike ana rangi ya kijani au shaba. Ni ndugu wa mjusi kafiri wa kwenye kuta zetu, ila yeye hutembea mchana. Ukiacha Kimboza na vipande vichache vya misitu ya jirani, hana kwao kwingine duniani.

Tena si kila mti unamfaa. Makao yake ni Pandanus rabaiensis, mti wa jamii ya mkadi wenye majani marefu ya miiba yaliyosongamana kileleni. Dume mmoja hushika mti wake, akaishi humo na majike na watoto. Hapo ndipo ilipo hatari yake kubwa, kwani anayemtafuta anajua pa kumkuta. Wanunuzi wa Ulaya, Marekani na Asia walipoanza kumtaka awe pambo la vizimba vya vioo, wanasaji waliona kupanda juu ni kazi, wakaukata mti wenyewe. Inakadiriwa kuwa kati ya 2004 na 2009 kundi moja tu lilinasa mijusi zaidi ya 32,000. Aliyebaki msituni akakosa nyumba, na mkadi haukui kwa msimu mmoja.

Mwaka 2012 alitangazwa kuwa hatarini kabisa kutoweka. Mwaka 2016, Tanzania na Umoja wa Ulaya waliomba kwa pamoja aingizwe katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini; ombi likakubaliwa, na biashara ya kimataifa ya mijusi wa porini ikapigwa marufuku. Uamuzi ule ulikuwa wa haki, lakini unamzuia mnunuzi tu. Hauzuii moto unaoingia msituni, wala ukataji wa miti, wala Cedrela odorata, mti wa kigeni kutoka Amerika uliopandwa kwa ajili ya mbao na sasa unasambaa wenyewe na kuisonga miti ya asili.

Mijusi wa kufugwa Ulaya wapo wengi, lakini hawawezi kuziba pengo la msitu unaopotea. Kimboza inahitaji miche ya mkadi, panga la kufyekea Cedrela, na wanavijiji wanaolipwa kwa kuulinda msitu wao. Serikali na wahisani waanzie hapo.